Katibu wa Dirishani

Jina lake sitalitaja. Si kwamba nimelisahau, wala sifichi kitu. Nilikuwa mke wa mwanawe, na kwetu Gusii mke wa mwana halitamki jina la baba mkwe hovyo hovyo. Nimeishi na jina hilo mdomoni miaka yote hii, sikulimeza wala sikulitema. Bahati nzuri Ikonge nzima ilimwita Katibu, nami nikapata la kumwita.

Ukitaka kuuliza alikuwa katibu wa nini, afadhali uulize hakuwa katibu wa nini. Shule ya msingi ilikuwa na kamati, katibu yeye. Josho la ng'ombe, yeye. Wakulima wa chai wa upande wetu wa mto, yeye tena. Halafu kulikuwa na kamati za mazishi, ambazo huundwa leo na kuvunjika wiki ijayo, lakini karatasi zake hazizikwi na maiti. Watu wakigombania mpaka wa shamba walimwita aandike maneno ya wazee, na maneno yakishaandikwa, hakuna upande uliokubali mwenzake aende na karatasi nyumbani. "Kaa nayo wewe, Katibu." Naye akakaa nayo. Taabu yake yote ilianzia hapo, kwamba hakujua kuikataa karatasi ya mtu.

Alikuwa mfupi, mwenye mwendo wa haraka, na kofia ya kahawia ambayo utepe wake ulishika penseli. Penseli hiyo aliitafuta kila siku ya Mungu. Angepapasa mifuko yote na kutoa mbegu za mahindi, kipande cha sabuni, kitabu cha nyimbo na tai ya kuvaa siku ya Sabato, mpaka mke wake aseme kutoka jikoni, "Kichwani, mzee, kichwani." Na huyu ndiye aliyewahubiria wenzake kwamba kila kitu kina mahali pake.

Kabla sijaolewa, mahali pa karatasi zake palikuwa nyumbani kwa mama mkwe, yaani kila mahali. Haya nilisimuliwa na mama mkwe mwenyewe, na hakupunguza chumvi. Karatasi za chai zilikuwa juu ya meza, za shule chini ya mto wa kulalia, za josho ndani ya chungu alichokipenda sana. Mgeni akija, lazima kwanza mtu aondoe mazishi ya fulani kwenye kiti ndipo akae. Kuku mmoja alitaga na kuatamia juu ya kumbukumbu za mkutano wa wazazi, na Katibu akakataa asifukuzwe kabla ya kuangua, akisema kuku huyo angalau anakaa kwenye mkutano mpaka mwisho. Karatasi zikitakiwa kutoka chini ya kitanda, aliingia kwa tumbo, na miguu yake ikibaki nje ungemsikia akijiambia, "Mtaka cha mvunguni sharti ainame."

Siku mbuzi alipoingia na kula nusu ya orodha ya watoto wa darasa la kwanza, mama mkwe aliweka jembe chini.

"Mzee, chagua. Ama karatasi, ama mimi."

"Nikichagua wewe, karatasi itakaa wapi?"

"Jenga nyumba yake. Hata ng'ombe ana yake."

Basi akajenga. Ilikuwa nyumba ndogo ya udongo karibu na lango, chumba kimoja na kijisehemu cha nyuma, paa la mabati, dirisha moja pana la kufunga kwa ubao. Mlango aliutengeneza kwa mbao zilizobaki, ukatoka mfupi. Hata yeye, mfupi alivyokuwa, ilimbidi avue kofia na kuinama ndipo apite. Kisha likaja swali la kabati. Binamu yake, mtoto wa baba yake mdogo, alikuwa na duka pale sokoni, na ndani ya duka alikuwa na kabati la chuma kutoka Kisii mjini, lenye droo nne na ufunguo. Mwenye duka alikuwa akilifungua na kulifunga mbele ya wateja bila kutoa kitu, ili walisikie tu. Katibu hakuwa na uwezo wa kabati la chuma, na nadhani hata angekuwa nao, angeona uchungu kuiacha misumari yake mizee.

Maana alikuwa mtu wa kuokota. Pale kiwanda cha chai masanduku yaliyopasuka hayakwenda safari na chai; yalitupwa nyuma. Yalikuwa ya mbao nyembamba, ukingo wa bati, ndani yamebandikwa karatasi inayong'aa kama fedha. Dereva wa lori la majani alipenda ndizi za kuiva kuliko wali. Mkungu mmoja ukaenda, masanduku yakaja. Katibu akayalaza ubavu, midomo ikitazama nje, moja juu ya jingine mpaka karibu na mabati, akayapigilia yenyewe kwa yenyewe na kwenye nguzo za ukuta. Chini akaweka vipande vya mawe laini ya Tabaka ili mchwa wasipande. Mbele akaning'iniza magunia yaliyofuliwa, kuzuia vumbi. Misumari yote ilikuwa mizee, ameinyoosha mwenyewe juu ya jiwe kwa nyundo ndogo.

Kunyoosha misumari ndiyo ilikuwa starehe yake. Ukimletea shauri, alikuwa akisikiliza huku ananyoosha. Msumari ukinyooka kabla hujamaliza kusema, aliuinua mbele ya macho yako, akauangalia, akakuangalia wewe. Watu wa Ikonge walijifunza kusema kwa ufupi.

Na mpango wake ndani ya yale masanduku ulikuwa na akili zake. Chai ilikaa juu, kwa kuwa chai haipendi unyevu. Shule ilikaa katikati, mkono uifikie haraka. Josho lilikaa karibu na mlango, kwa sababu karatasi zake zilinuka dawa. Mazishi yalikaa chini kabisa. "Wafu hawana haraka," alisema. Wagomvi wa mipaka aliwatenga, mmoja ukuta huu na mwenzake ukuta ule, akidai kwamba wakilala sanduku moja watapigana na hakuna wa kuwaamulia.

Akakaa katika ofisi hiyo kwa raha zake msimu mmoja. Halafu nikaja mimi.

Mume wangu alikuwa mwalimu kule Nyamache, na ndiko tulikopatana. Nyumba yake ya kwao Ikonge, ile ya ujana, iliangushwa na mvua za masika wiki chache kabla ya harusi yetu. Maharusi walale wapi? Katibu, kwa moyo wake ule ule usiojua kunyima, akasema, "Walale ofisini. Wiki moja tu, paa likiwekwa kule watahama."

Mama mkwe alikuwapo aliposema hivyo. Aliendelea kuchambua mboga. Mpaka leo siamini kwamba hakujua.

Nieleze kwa asiye wa kwetu. Tuna heshima tunayoiita chinsoni, kati ya mzazi na mke wa mwanawe. Baba haingii nyumba ambamo mwanawe amelala na mkewe, si leo, si kesho, hata nyumba iwe inavuja na yeye ndiye fundi. Hampeani mkono. Wala si ugomvi, ni heshima, na kila mtoto wa Gusii anaijua. Katibu aliijua kuliko wengi. Lakini akilini mwake ile haikuwa nyumba, ilikuwa ofisi, na nani amewahi kusikia ofisi ina mke?

Asubuhi ya kwanza nilikuwa nimeamka, nakunja shuka chini ya karatasi za shule, niliposikia mwendo wa haraka unakuja. Ukasimama mlangoni. Nikaona kwenye upenyo wa mbao mtu anavua kofia, anainama, mkono unaelekea kwenye komeo. Ndipo sauti ya mama mkwe ikatoka ng'ambo ya ua.

"Mzee! Unaenda wapi?"

"Ofisini."

"Ofisini kwa nani?"

Alibaki vile vile ameinama, kofia mkononi, mguu mmoja mbele. Nadhani ndipo alipoona kila kitu kwa mara moja: kamati zake zote, maandishi yake yote, masanduku yamepigiliwa ukutani kwa misumari ambayo haingetoka bila kuangusha nyumba, na ndani yake mke wa mwanawe. Maji yalikwisha mwagika. Alirudisha mguu polepole, akavaa kofia. Akaenda akachukua kigoda, akakiweka nje chini ya dirisha, akakaa ameupa ukuta mgongo.

Baada ya muda akauliza hewani, "Huyo iko ndani, anajua kusoma?"

Mama mkwe akajibu, "Amesoma mpaka darasa la nane."

"Basi mwambie sanduku ya josho, karibu na mlango. Anipatie ile karatasi ya juu. Mkutano ni leo."

Niliitafuta, nikaiweka kwenye kizingiti cha dirisha, nikarudi nyuma. Mkono ukapanda kutoka chini, ukapapasa, ukaichukua. "Asante, Karani," akasema, kwa Kiswahili.

Kiswahili hicho ndicho kilichotuokoa. Kwa Ekegusii, mimi na yeye tulikuwa na maneno machache sana ya kuambiana, na hayo yenyewe ya kuinamisha macho. Lakini Kiswahili kwetu kilikuwa lugha ya shule na ya serikali, na humo yeye alikuwa Katibu na mimi Karani. "Kiswahili haina mkwe," alipenda kusema. Tukimaliza kazi alirudi kwenye Ekegusii, nami nikarudi kuwa mke wa mwana, nikamwita Tata, yaani baba, nikapita mbali.

Wiki moja ikawa mwezi, mwezi ukawa miaka. Mume wangu alikuwa harudi ila mwisho wa wiki, na kila nyumba mpya ilipopangwa, chai ilihitaji mbolea au mtoto alihitaji kuzaliwa. Nikazoea kuishi ndani ya kabati. Sukari yangu ilikaa jirani na wagomvi wa mpaka. Nepi zilikaa na shule. Sanduku jipya lilipopatikana, Katibu aliliacha nje ya mlango, nami nikalipigilia mwenyewe kwa misumari aliyonyoosha, yeye akiongoza kutoka dirishani: "Chini kidogo. Hapana, hiyo iko juu. Gonga pole pole, Karani, hiyo mbao ni mgonjwa." Hakuwa akiona kitu. Alisikia tu mlio wa nyundo na akajua.

Wageni waliopita waliona mzee mwenye kofia amekaa chini ya dirisha la nyumba, mvua ikinyesha, jani la mgomba kichwani, wakadhani mke wake amemfukuza. Siku kifungua mimba wangu alipokuwa anazaliwa, alifika kama kawaida akaita, "Karani! Karatasi ya wazazi!" Mkunga akamjibu kutoka ndani, "Karani hayuko kazini leo." Niliambiwa aliahirisha mkutano wa shule, akaenda akakaa mbali kwenye chai, akinyoosha misumari iliyokwisha nyooka.

Usifikiri alikuwa mtu wa kushika kila la kale. Wazee wakisema bundi amelia, msiende safari, alicheka mpaka kofia ikaanguka. Mume wangu alimwambia mara moja, "Tata, wewe ni mtu wa kanisa na wa maendeleo. Si uingie tu uchukue karatasi zako?" Akaweka nyundo chini.

"Bundi ni ndege," akasema. "Mke wa mwanangu ni mtu."

Hayo hayakusemwa ili niyasikie. Niliyasikia kupitia dirishani, nikalia kidogo, kwa furaha.

Lakini mambo yalifika mahali pabaya. Mwenye duka alianza kusema sokoni kwamba Katibu amefungiwa nje ya ofisi yake, na kwamba karatasi za Ikonge zinalindwa na mtu anayenyonyesha. Neno likafika kwa serikali, Nyamira. Akaja afisa, mtu wa Pwani, shati jeupe, Kiswahili kimenyooka kama rula. Kamati nzima ya shule ilikaa uani kwetu, mwenye duka akiwa mstari wa mbele na ufunguo wake unaning'inia kidoleni.

"Bwana Katibu, nionyeshe ofisi yako," afisa akasema.

"Ile pale."

"Tuingie basi."

"Wewe ingia. Mimi hapana."

"Katibu gani asiyeingia ofisini mwake?"

Pale hapakuwa na mtu asiyejua sababu, ila yeye. Afisa akakunja uso. Akasema wazi: ama Katibu aingie sasa hivi, amwonyeshe karatasi za shule zilivyowekwa, ama zote zihamishiwe kwenye kabati la chuma dukani na katibu awe mwingine. Nilikuwa dirishani na mtoto mgongoni. Nilimwona Katibu anavua kofia, anautazama mlango ule mfupi alioutengeneza mwenyewe. Nikajua kwamba akiingia, kazi yake itapona, nami nitabaki bila heshima Ikonge nzima. Naye alijua. Hakuna mtu aliyeipenda kazi yake kama yeye.

Akavaa kofia. "Siingii," akasema. "Karatasi iende."

Mwenye duka alikuwa amekwisha simama. Akaja mbio mbio mpaka kwenye kizingiti cha mlango, akanyoosha mkono, akasita. Uso wake ulibadilika. Alikuwa binamu wa Katibu, na kwa hesabu ya kwetu mtoto wa baba mdogo ni ndugu, na ndugu wa baba mkwe ni baba mkwe. Hata yeye hakuweza kuingia. Akageuka kuwaita wanakamati wamsaidie. Wanakamati wakatazama majani ya chai. Wote walikuwa wa ukoo mmoja. Uani pale palikuwa na baba wakwe watupu.

"Afisa, ingia wewe uzitoe," mwenye duka akasema, jasho likimtoka.

Afisa akainama, akaingia. Akatazama masanduku kutoka chini hadi juu, akavuta moja, likakataa. Akavuta jingine. Akainua gunia, akakuta karatasi na nepi pamoja, asijue aanzie wapi. Akaniuliza kwa upole, "Haya yametiwa nini?"

"Misumari ya Katibu," nikasema.

"Nawe huwezi kunitolea karatasi?"

"Naweza, bwana. Katibu akisema nitoe, nitatoa."

Nje tukasikia nyundo ndogo juu ya jiwe, tik, tik, tik. Katibu alikuwa amerudi kwenye kigoda chake. Hakusema nitoe. Alikuwa amesema karatasi iende, lakini hakusema nani aipeleke, na mimi sikumkumbusha. Afisa akasimama pale, akayatazama magunia, nepi, shule, chai, wafu, na nilipomweleza ni kwa nini wanaume wazima wanakiogopa kizingiti, alicheka mpaka akajishika mbavu. Akatoka akawaambia kamati kwamba amezunguka wilaya nzima na hajaona kabati lililofungwa vizuri kama lile. Kabati la duka lina ufunguo, akasema, na ufunguo huibwa. Akanywa chai, akaenda zake Nyamira. Mwenye duka hakuja kwetu mpaka msimu wa mahindi.

Miaka ikaenda. Miguu ile ya haraka ikapungua, macho yakaingia ukungu, na kamati zikaanza kuchagua vijana waliosoma. Mwisho wa miaka ya sabini tukajenga nyumba ya matofali upande wa juu, na ile ya udongo ikapangiwa kubomolewa. Mume wangu akasema masanduku yavunjwe yawe kuni. Nikamwambia atavunja mgongo wangu kwanza. Tangu siku ya harusi yangu mzee yule alikuwa ameitumia ofisi yake kwa masikio tu, na jambo hilo lilikuwa likiniuma kila nilipomwekea karatasi kizingitini.

Tukatoa misumari mmoja mmoja. Tukabeba masanduku yote nje, tukayapanga juu ya nyasi pale pale uani, kama yalivyokuwa ndani: ukuta huu na ukuta ule, chai juu, josho karibu na mlango, magunia mbele, mawe ya Tabaka chini. Katikati nikaweka meza yake na kiti. Pale penye mlango tukaacha nafasi wazi. Hakukuwa na ukuta, hakukuwa na paa, na hakuna heshima inayomkataza mtu kusimama kwenye nyasi.

Mama mkwe akamleta akimshika mkono. Alisimama mbele ya ile nafasi. Aliangalia kwa muda mrefu, kichwa kimeinama upande, kama alivyokuwa akisikiliza nyundo yangu.

"Wafu wamepanda juu," akasema.

"Maji iliingia mwaka ule wa mvua, Katibu. Nikawapandisha."

"Vizuri. Wapate hewa." Kisha akaniuliza, "Karani, ofisi iko wazi?"

"Iko wazi. Karibu."

"Hodi," akasema hata hivyo.

Halafu akavua kofia, akainama kwa mlango ambao haukuwapo, akaingia.